Saa 50 Kabla ya Mwezi wa Kuzaliwa: Namna ya Kutimiza Mafunzo Endelevu ya Leseni ya Udaktari California

Kila ninapopigiwa simu na daktari aliyesomea Muhimbili, Nairobi au Makerere na ambaye sasa anatibu wagonjwa hapa California, mazungumzo huanza na salamu za nyumbani, hupita kwa watoto, kisha huishia palepale: leseni inakaribia kwisha muda wake, naye hana hakika kama saa zake za mafunzo zinatosha. Swali hilo si dogo. Leseni ikiisha usiku wa manane, asubuhi yake daktari huyo hana ruhusa ya kumtibu mgonjwa hata mmoja, awe na uzoefu wa miaka 2 au 30, na hata kama wagonjwa wake wameshapanga foleni mlangoni. Nimeona ni vema niyaandike yote mahali pamoja, kwa lugha yetu, yale ambayo nimekuwa nikiyaeleza kwa simu moja moja.

Mwongozo huu unawahusu madaktari wenye shahada za M.D. au MBChB ambao leseni zao hutolewa na Bodi ya Tiba ya California, ijulikanayo rasmi kama Medical Board of California. Wenye shahada ya D.O., yaani ya tiba ya osteopathia, wana bodi yao na masharti yao, kwa hiyo wasijipime kwa kipimo hiki. Vilevile anayehamia kutoka jimbo jingine aache huko mazoea ya huko. Florida hudai saa 40 kila miaka 2, na ndani yake kuna mada ambazo California haizitaji, ilhali New York haina idadi ya jumla ya saa kabisa, bali inadai mafunzo mahususi kama yale ya kuzuia maambukizi kila baada ya miaka 4. Kila jimbo lina sheria zake, na mwenye leseni za majimbo mawili hana budi kuhesabu mara mbili.

Hesabu inaanzia kwenye tarehe ya kuzaliwa

California hudai saa zisizopungua 50 za mafunzo endelevu yaliyoidhinishwa, katika miaka 2 inayotangulia tarehe ya kuisha kwa leseni. Kwa wengi wetu leseni yenyewe huisha siku ya mwisho ya mwezi tuliozaliwa. Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja ndiyo yanayofungua na kufunga dirisha lako la kuhesabu, na wengi wanaokosea hukosea hapa, kwa kudhani kwamba wanahesabu tangu Januari hadi Desemba kama ilivyo kwa leseni za mwaka za nyumbani Kenya.

Chukua mfano wa daktari aliyezaliwa Agosti 14, ambaye leseni yake inaisha Agosti 31, 2026. Dirisha lake lilifunguka Septemba 1, 2024. Kongamano zuri alilolihudhuria Agosti 20, 2024 halimo katika hesabu hii, hata kama lilikuwa la siku 3 na lilimpa krediti 20, yaani saa 20 za mafunzo. Hilo lilikuwa la mzunguko uliopita. Kwa sababu hiyohiyo, mtu akikusanya saa 70 katika mzunguko mmoja, zile 20 zilizozidi hubaki kuwa elimu yake kichwani, wala hazimpunguzii chochote katika mzunguko unaofuata.

Kuna mitego miwili ya tarehe ambayo hutukamata sisi zaidi kuliko wenzetu waliozaliwa hapa. Wa kwanza ni uandishi wa Kimarekani wa kutanguliza mwezi: cheti kilichoandikwa 03/09/2025 ni cha Machi 9, si cha Septemba 3, na miezi 6 ya tofauti hiyo inatosha kukitoa cheti nje ya dirisha. Wa pili ni tarehe ya kuzaliwa yenyewe. Wapo wenzetu ambao tarehe iliyo katika pasipoti siyo ile ambayo mama zao wanaikumbuka, kwa sababu iliandikwa na karani wa shule au wa uhamiaji. Inayofuatwa ni ile iliyo katika jalada la bodi. Kabla hujafanya lolote jingine, fungua tovuti ya bodi, tafuta jina lako katika sehemu ya kuthibitisha leseni ambayo iko wazi kwa kila mtu, kisha nakili tarehe ya kuisha kama ilivyo. Iandike mahali unapopaona kila siku.

Saa 50 zikigawanywa kwa miezi 24 ni saa 2 na dakika 5 kwa mwezi. Nimeitaja hesabu hii kwa makusudi, kwa kuwa kazi inayotimizika kwa kikao kimoja kila baada ya wiki 2 hugeuka mateso pale mtu anapoiacha hadi wiki 6 za mwisho, akakaa mbele ya kompyuta usiku kucha akibonyeza majibu ya maswali ambayo hata hayasomi. Anayefanya hivyo huenda akapata cheti, lakini mgonjwa wake hapati kitu.

Cheti kinachohesabika na cheti cha kupamba ukuta

Katika mzunguko wangu wa kwanza nilikuwa na bahasha moja ya kaki, na kila karatasi niliyopewa mahali popote niliitumbukiza humo nikiamini kwamba nimeshahifadhi saa. Miezi 3 kabla ya leseni kuisha nilimwaga bahasha juu ya meza ya kulia chakula, nikakuta karatasi 19. Nilizisoma moja baada ya nyingine, na saa 11 ziliyeyuka mbele ya macho yangu. Karatasi mbili zilikuwa za mihadhara ya jioni hotelini, iliyoandaliwa na kampuni ya dawa pamoja na chakula, ambayo haikuwa na idhini ya mafunzo endelevu hata kidogo. Moja ilikuwa ya wauguzi na ilihesabu saa kwa mfumo wao. Nyingine ilikuwa ya semina niliyohudhuria nilipokwenda likizo nyumbani, yenye pointi za baraza la huko na muhuri mzuri wa buluu, nami nilidhani zinahesabika popote. Hazihesabiki.

Kwa hiyo kisome cheti kama unavyosoma majibu ya maabara. Kiwe na jina lako lote kama lilivyo katika leseni, jina la mafunzo, tarehe, jina la taasisi iliyoyatoa, na idadi ya krediti. Juu ya yote hayo, tafuta sentensi inayotamka maneno "AMA PRA Category 1 Credit". Huo ni mfumo wa krediti wa Chama cha Madaktari cha Marekani ulioanzishwa mwaka 1968, na ndio msingi ambao bodi ya California na bodi nyingi nyingine huutumia. Taasisi inayoruhusiwa kuandika sentensi hiyo ni ile iliyopewa ithibati na ACCME, baraza la Marekani la ithibati ya mafunzo endelevu ya madaktari, au na chama cha madaktari cha jimbo chenye mamlaka hayo, ambacho kwa hapa ni California Medical Association. Madaktari wa familia wana njia ya ziada: krediti ambazo American Academy of Family Physicians huziita "Prescribed" zinakubaliwa pia.

Tazama vilevile jinsi sentensi hiyo inavyoanza, kwani kwa kawaida husema kwamba mafunzo yana krediti zisizozidi idadi fulani. Maana yake ni kwamba unadai saa ulizokaa tu. Kongamano likiwa na krediti 18 nawe ukaondoka siku ya mwisho mapema ili kuwahi ndege, dai 13 au 14 ulizozihudhuria kwa kweli. Krediti hugawanywa hadi robo, yaani dakika 15, kwa hiyo hakuna sababu ya kujumlisha kwa kukisia.

Zipo njia nyingine mbili ambazo wengi hawazijui. Anayefundisha katika mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kuhesabu ufundishaji huo, ilimradi usizidi theluthi moja ya saa zinazotakiwa. Na daktari anayefaulu mtihani wa ubingwa, wa mara ya kwanza au wa kujithibitisha upya, unaosimamiwa na bodi ya ubingwa inayotambuliwa, hupewa krediti ya miaka 4 mfululizo, sawa na saa 100. Hii ni nafuu kubwa kwa aliyejifungia miezi 8 akisomea mtihani, na inasikitisha kuona mtu amefaulu kisha bado anahangaika kutafuta saa ambazo tayari anazo. Hata hivyo, asijisahau akadhani kwamba saa 100 hizo zinafuta pia wajibu ninaoueleza sasa, kwa sababu wajibu huo una kifungu chake cha sheria.

Saa zenye mada zilizotajwa

Ndani ya zile 50 zipo saa ambazo mada yake huichagui wewe. Ya kwanza na kubwa ni saa 12 za udhibiti wa maumivu na matibabu ya wagonjwa walio katika hatua za mwisho za uhai. Hizi hufanywa mara moja tu katika maisha ya leseni, na ni lazima ziwe zimekamilika kabla ya kuhuisha kwa mara ya pili au ndani ya miaka 4 tangu upewe leseni, lolote litakalotangulia. Wataalamu wa radiolojia na wa patholojia wamesamehewa. Saa 12 hizi zinaingia ndani ya zile 50 za mzunguko ulimozifanyia, kwa hiyo si mzigo wa juu ya mzigo.

Tangu mwaka 2019 sheria imeruhusu mbadala: badala ya maumivu na tiba shufaa, daktari anaweza kufanya saa 12 za matibabu ya wagonjwa wenye uraibu wa dawa za jamii ya afyuni, ambapo saa 8 kati yake ziwe za matibabu kwa buprenofini au dawa nyingine ya namna hiyo. Hapa nina ushauri ulio wazi kwa daktari mpya. Sheria ya shirikisho iliyoanza kutumika Juni 27, 2023 inamtaka kila daktari anayejiandikisha DEA, idara ya shirikisho inayosimamia dawa hizo, ili aandike dawa zinazodhibitiwa athibitishe, mara moja tu, kwamba amepata saa 8 za mafunzo ya kuwatibu wenye uraibu wa afyuni au vileo vingine. Anayechagua mbadala wa California kwa taasisi yenye ithibati anaweza kuzitumia saa zilezile kutimiza pia sharti la DEA. Si lazima saa 8 hizo ziwe za siku moja wala za kozi moja. Waweza kuzikusanya kidogokidogo, na mafunzo uliyoyapata zamani kwa ajili ya kibali cha kuandika buprenofini nayo yanahesabiwa. Waliohitimu vyuo vya tiba vya Marekani ndani ya miaka 5, na mtaala wao ukawa na saa hizo, wametosheka, lakini sisi tuliohitimu Afrika Mashariki nafuu hiyo haituhusu.

Hata hivyo sitaki mtu achague mbadala kwa sababu ya wepesi wa hesabu pekee. Kama kazi yako ni ya wodini na kila wiki unakaa na familia ambayo mzee wao anakata roho, fanya saa 12 za tiba shufaa, halafu zile 8 za DEA uzitafute kando. Sijawahi kukutana na daktari aliyejutia kujifunza namna ya kuzungumza na ndugu wa mgonjwa anayekufa.

Sharti la pili linawagusa madaktari wa magonjwa ya ndani na wa familia ambao zaidi ya asilimia 25 ya wagonjwa wao wana umri wa miaka 65 na kuendelea. Hao wanatakiwa asilimia 20 ya saa zao za lazima, yaani saa 10 kati ya 50, ziwe za matunzo ya wazee au ya wagonjwa wenye shida ya akili ya uzeeni. Tofauti na zile 12, hizi hurudi kila mzunguko. Wengi hawazihesabu kabisa, kwa kuwa hawajawahi kutazama ni wagonjwa wao wangapi wamevuka umri huo. Mwombe msimamizi wa zahanati akutolee orodha ya umri kutoka kwenye mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Ni kazi ya dakika chache, na jibu lake linaweza kukushangaza.

Mimi saa 10 hizo nilizifanya mara ya kwanza kwa shingo upande. Miezi michache baadaye alikuja bibi mmoja mzaliwa wa Barawa, mmoja wa Waswahili wengi ambao vita viliwatoa pwani ya Somalia na ambao wengine wamefika San Diego. Alikuwa ameanguka mara mbili bafuni kwake, na binti yake alisema kwamba siku hizi anasahau hata majina ya wajukuu. Nilimwomba amwage mezani kila dawa iliyomo mkobani. Akanijibu, "Haya mwanangu, tazama," akaumimina mkoba: dawa ya shinikizo, dawa ya sukari, tasbihi, mafuta ya kuchua, na chupa ya vidonge vya kulalia vya dukani ambayo haikuwa katika orodha yake yoyote. Niligeuza chupa nikasoma lebo: diphenhydramine. Katika kozi niliyoifanya kwa shingo upande nilikuwa nimeketi saa nzima na vigezo vya Beers vya Chama cha Wataalamu wa Tiba ya Wazee cha Marekani, ambavyo vinaitaja dawa hiyo miongoni mwa zile za kuepukwa kwa wazee, kwa sababu huleta mkanganyiko wa akili na kuanguka. Tuliiacha taratibu. Alipokuja tena baada ya wiki 6 aliniuliza habari za mke wangu kwa jina lake. Tangu hapo saa 10 za wazee ndizo ninazozipanga kwanza.

Mahali pa kuzipata

Saa rahisi kuliko zote ni zile zilizo mlangoni kwako. Hospitali nyingi zina kikao cha kitabibu cha kila wiki chenye ithibati, na mtu akihudhuria vikao 20 kwa mwaka anakaribia kuzimaliza saa zake zote za miaka 2 bila ya kutoa hata dola moja. Tatizo ni kujiandikisha. Siku hizi mahudhurio mengi hurekodiwa kwa kutuma namba fulani kwa ujumbe wa simu ndani ya muda maalumu, na anayeisahau hapati krediti hata kama aliuliza maswali matatu mbele ya watu wote. Tuma namba hiyo ukiwa bado umekaa kitini.

Usomaji wako wa kila siku nao una krediti. Ukitafuta jibu la swali la mgonjwa katika UpToDate, tovuti ya marejeo ya tiba, ukiwa umeingia kwa jina lako, kila utafutaji uliokamilika unaweza kukupa nusu krediti, ila krediti hizo hukaa kwenye akaunti hadi uzidai na upakue cheti. Majarida makubwa kama JAMA yana makala zenye maswali mwishoni, na ukiyajibu vema unapata krediti 1. Vyuo vikuu na vyama vya kitaaluma vina kozi za intaneti za bure, hasa katika mada za afyuni, kwa hiyo usikimbilie kulipia kabla hujatafuta.

Mikataba mingi ya ajira ina posho ya mafunzo na siku za kuhudhuria, na nimeona wenzetu wengi wakiziacha zipotee kwa kuona haya kuuliza. Uliza. Posho hiyo ni sehemu ya malipo yako. Lakini nakushauri usiitumie kununulia saa ambazo ungezipata bure. Itumie kwa jambo ambalo halijifunziki kwa kusoma skrini: warsha ya kupima moyo kwa ultrasaundi, kuchoma sindano za viungo, au kozi ya dharura za uzazi ambako mkono wako unaongozwa na mkono wa aliyekwisha kufanya.

Kuhusu kuchagua mada, ninayo desturi moja ninayoipendekeza kwa moyo wote. Mfukoni nina daftari dogo, na kila siku nikishindwa swali la mgonjwa ninaliandika kwa mstari mmoja. Mwisho wa mwezi nalifungua. Yale yanayojirudia ndiyo yanayonichagulia kozi. Mwaka mmoja daftari lilijaa maswali ya figo, nami nikatumia saa 9 kwa figo tu. Kwa njia hiyo saa 50 huwa zimetoka kwa wagonjwa wako, nazo hurudi kwao.

Kwa wanaokwenda Ulaya kwenye makongamano, jueni kwamba chama cha AMA kina makubaliano na mfumo wa Ulaya wa EACCME, na krediti za kongamano lililoidhinishwa humo zinaweza kubadilishwa kuwa za Category 1 kwa kuomba na kulipa ada. Baraza la nyumbani halina njia hiyo, kwa hiyo wenye leseni huku na huko watunze majalada mawili.

Kumbukumbu, na siku ambayo bodi inauliza

Unapohuisha leseni hutumi vyeti. Unathibitisha tu, chini ya adhabu ya kusema uongo chini ya kiapo, kwamba umezitimiza saa. Kwa sababu hiyo wapo wanaodhani kwamba hakuna anayekagua. Bodi huchagua madaktari kwa kubahatisha na kuwaandikia barua ikitaka ushahidi, na sheria inakutaka utunze kumbukumbu za mafunzo kwa muda usiopungua miaka 4. Anayekutwa amepungukiwa hutakiwa kufidia saa hizo katika mzunguko unaofuata, juu ya 50 za mzunguko huo, na kuzithibitisha kwa vyeti. Asipofidia, hawezi kuhuisha hadi afanye hivyo. Lakini anayekutwa amesema uongo yuko katika hali tofauti kabisa, kwa kuwa kutoa taarifa zisizo za kweli kuhusu mafunzo haya ni utovu wa maadili ya taaluma, na hilo ni kosa la kinidhamu. Kupungukiwa kunafidika. Jina likishaandikwa katika kumbukumbu za nidhamu za bodi, ambazo umma huzisoma, unalibeba kila unapoomba kazi au leseni ya jimbo jingine.

Kwa hiyo weka saini baada ya kujumlisha vyeti vilivyo mbele yako, wala si kwa kukumbuka kwamba mwaka jana ulihudhuria mengi. Mimi hutumia lahajedwali lenye safu chache: tarehe, jina la mafunzo, taasisi, krediti, na safu ya mwisho inayosema kama ni za maumivu, za wazee, za DEA au za jumla. Kila cheti nakihifadhi siku ileile nilipokipata, kwa jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, ili vijipange vyenyewe.

Vihifadhi kwenye akaunti yako binafsi. Nasisitiza hili kwa sababu liliniuma. Nilipoacha kazi katika hospitali moja, barua pepe yangu ya kazini ilifungwa jioni ya siku ya mwisho, na humo mlikuwa na vyeti vya saa 23. Ofisi ya mafunzo iliniahidi kunitumia orodha ya mahudhurio, nikasubiri wiki 7, nikapiga simu mara nyingi hata nikalijua kwa moyo tangazo la mashine yao ya kupokea simu. Orodha ilikuja hatimaye, ikiwa na vikao pungufu. Tangu siku hiyo sijajisajili kwenye mafunzo yoyote kwa anwani ya mwajiri.

Kuhuisha kwenyewe, na pale mambo yanapokwenda kombo

Bodi hutumia mfumo wa mtandaoni uitwao BreEZe. Ingia ukiwa umeshajumlisha, jibu maswali ya mwenendo na hukumu kwa ukweli, thibitisha saa zako, lipa ada. Utakutana pia na dodoso kuhusu kazi yako, ambalo lina nafasi ya kutaja lugha unazozizungumza. Usiiruke. Taja Kiswahili, na Kisukuma au Kikamba kama unakijua, maana takwimu hizo ndizo zinazoonyesha kwamba madaktari wanaoweza kuzungumza na yule bibi wa Barawa bila mkalimani wapo.

Ukigundua katika mwezi wa mwisho kwamba umepungukiwa, usithibitishe jambo ambalo hujalifanya. Hesabu upya kwanza, kwani mara nyingi kuna saa zilizolala: krediti za utafutaji ambazo hukuzidai, mtihani wa ubingwa uliofaulu, kikao ulichokifundisha. Kama bado hazitoshi, saa 8 au 10 zinaweza kupatikana kwa mwisho mmoja wa wiki katika kozi za intaneti, ingawa hiyo ni dawa ya dharura. Aliyezuiwa na ugonjwa, utumishi wa jeshi au dhiki kubwa anaweza kuiomba bodi imsamehe kwa fomu maalumu; uamuzi ni wa bodi, kwa hiyo fomu hiyo ipelekwe mapema pamoja na ushahidi.

Wapo pia wanaorudi nyumbani kwa muda, kuuguza mzazi au kufundisha, na hawataki kuipoteza leseni ya huku. Kwao kuna hali ya leseni kutotumika: unaendelea kuihuisha, hudaiwi mafunzo, lakini huruhusiwi kutibu California hata kwa simu. Siku ukirudi na kutaka kuitumia, unatakiwa kwanza kutimiza mafunzo ya mzunguko mmoja. Hilo ni afadhali mara nyingi kuliko kuiacha tu, kwa kuwa leseni isiyohuishwa kwa miaka 5 hufutwa, na aliyefutiwa huanza na maombi mapya.

Ukishalipa, usifunge kompyuta. Hifadhi risiti, kisha baada ya siku chache rudi kwenye ukurasa uleule wa kuthibitisha leseni uliouanzia, uone kama tarehe mpya imeingia. Ipeleke nakala kwenye ofisi ya hospitali inayoshughulikia sifa za madaktari na kwa bima yako ya makosa ya kitaaluma, kwa maana mara nyingi ni wao, si bodi, wanaomzuia daktari kuingia wodini kwa sababu ya karatasi iliyopitwa na tarehe. Halafu fungua folda mpya na uiandike miaka miwili ijayo, kwani dirisha lake linafunguka siku ya kwanza ya mwezi unaofuata ule ambao leseni yako inaisha.